Majibu ya Korosho kwa Swali la Gesi

Mtu akiniuliza mshauri wa masuala ya umma na mawasiliano ya kimkakati anafanya kazi gani hasa, humsimulia safari ya Mtwara ya mwaka 2013. Ilikuwa safari yangu ya kwanza ya kikazi. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa ofisini, Upanga, Dar es Salaam, nikisoma magazeti kila asubuhi na kukata habari zinazowahusu wateja wetu, nikiandika taarifa kwa vyombo vya habari, nikipiga simu kuthibitisha nani atahudhuria hafla ya nani. Ni kazi halali na ina manufaa yake, lakini mtu anaweza kuifanya miaka nenda miaka rudi asikutane hata mara moja na huo umma unaotajwa kwenye jina la kazi yenyewe.

Mteja aliyetupeleka kusini alikuwa mwekezaji kwenye shughuli za gesi asilia. Hadidu za rejea zilitutaka tumwandalie mkakati wa mawasiliano kwa mikoa ya Lindi na Mtwara, na andiko lilitakiwa haraka. Sababu ya haraka ile ilijulikana na kila mtu. Novemba 2012 Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi pale Kinyerezi kwa ajili ya bomba la inchi 36 la kuleta gesi Dar es Salaam kutoka Mtwara, umbali wa zaidi ya kilomita 500, kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China wa takriban dola bilioni 1.2. Tarehe 27 Desemba wananchi wa Mtwara wakaandamana. Januari fujo zikazuka Mtwara na Masasi, mali zikachomwa, watu wakafa, hadi Waziri Mkuu Mizengo Pinda akafunga safari mwenyewe kwenda kuzungumza na makundi mbalimbali ya wakazi. Kauli iliyokuwa midomoni mwa watu ilikuwa fupi: gesi haitoki.

Kwenye vikao vya Dar es Salaam kulikuwa na maelezo mafupi vilevile. Wananchi hawajaelimishwa, ndivyo ilivyosemwa. Wakielezwa kwamba bomba litaleta umeme wa bei nafuu, kwamba rasilimali ni ya Watanzania wote, watatulia. Kilichotakiwa ni vipindi vya redio, vipeperushi na fulana. Bosi wangu, mama aliyefanya kazi ya redio kwa muda mrefu kabla ya kuingia kwenye ushauri, alisikiliza yote hayo bila kubisha, kisha akasema, "Sawa. Ila kabla hatujawaambia kitu, tukawaulize." Mteja akakubali kulipia safari. Nikaambiwa nijiandae.

Siku mbili tatu kabla ya kuondoka bosi alinipa karatasi za kusoma. Nilitegemea takwimu za gesi. Nikakuta habari za Colorado, Marekani, za miaka ya 1913 hadi 1915. Wachimbaji wa makaa ya mawe waligoma dhidi ya kampuni ya familia ya Rockefeller, wakafukuzwa kwenye nyumba za kampuni, wakahamia kwenye mahema mahali panapoitwa Ludlow. Tarehe 20 Aprili 1914 askari wa jimbo walishambulia kambi ile na mahema yakateketezwa. Kwenye shimo lililochimbwa chini ya hema moja walikutwa wamekufa wanawake wawili na watoto 11. John D. Rockefeller mdogo akamwajiri Ivy Lee, mtu ambaye alikuwa mwandishi wa habari New York kabla ya kuwa miongoni mwa waasisi wa taaluma yetu, na ambaye mwaka 1906 alikuwa ametangaza kwamba kazi yake ni kuupa umma habari za kweli. Lee akatoa mfululizo wa vipeperushi kutetea kampuni. Baadhi ya yaliyoandikwa humo yalikuwa ya uongo, ikiwemo mishahara ya viongozi wa chama cha wachimbaji iliyokuzwa kupita kiasi, na hilo lilipobainika likamtia doa maisha yake yote. Septemba 1915 Rockefeller alikwenda Colorado mwenyewe, akafuatana na Mackenzie King ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Kanada. Akaingia machimboni, akala na wachimbaji, akasikia manung'uniko yao kwa masikio yake. Mageuzi yaliyofuata hayakuwapa wachimbaji yote waliyogomea, wala sisemi safari moja ilifuta damu ya Ludlow. Lakini bosi alikuwa amepigia mstari mambo mawili tu kwenye karatasi zile: vipeperushi na safari. Pembeni aliandika kwa kalamu, "Tazama kipi kilianza."

Tuliondoka alfajiri, Mbagala ikiwa bado giza, tukapita Vikindu, Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Dereva wetu, mtu wa Lindi, alikumbuka enzi za kivuko, mafuriko yakija watu wanalala ng'ambo wakisubiri maji yashuke. Ng'ambo ya mto, kuanzia Ndundu hadi Somanga, lami ilikuwa haijakamilika. Ni kilomita 60 hivi, na mvua za masika zilikuwa zimeanza. Tulikuta malori yamezama hadi kwenye ekseli. Abiria wa basi moja walikuwa wameshushwa wanatembea kandokando, viatu mkononi, akina mama wamewabeba watoto migongoni na khanga zimelowa hadi magotini, wakati utingo na vijana wa hapo wakikata matawi ya kutandika chini ya matairi. Bosi alimwambia dereva asimame. Akashuka, akasalimia, akauliza wametoka wapi na tangu lini. Aliporudi garini akaniambia, "Andika hapa, mwanangu, na uandike vizuri. Kila mtu tutakayemkuta Mtwara kipande hiki anakijua kwa miguu yake."

Niliandika. Sikujua bado kwamba ukurasa ule ndio utakaonisaidia kuelewa kurasa nyingine zote. Somanga tulinunua samaki wa kukaanga kwa wale vijana wanaokimbilia madirisha ya mabasi, tukaendelea kwenye lami hadi Nangurukuru, Lindi, Mingoyo, na jioni tukateremka Mikindani, bahari ikiwa imeingia ndani kabisa ya mji.

Kulipokucha tulianza na ofisi za serikali, kama ilivyo ada. Barua ya utambulisho mkoani, barua nyingine wilayani, kitabu cha wageni kila mlango, jina, utokako, sababu ya safari. Vijana wengi wanaoanza kazi hii huona taratibu hizi zinapoteza muda. Mimi nilizipenda tangu siku ile, kwa sababu kwenye viti vya kusubiria ndipo unapokaa na watu waliokuja na shida zao, na mtu anayesubiri huongea. Nikiwa nimekaa nje ya ofisi moja nilisikia kesi ya mpaka wa shamba, malalamiko ya fidia ya mikorosho iliyokatwa kupisha barabara, na mzozo wa malipo ya walinzi. Gesi haikutajwa hata kidogo.

Kutoka mjini tulikwenda Msimbati kupitia Madimba, mahali palipokuwa pameteuliwa kujengwa mitambo ya kusafisha gesi. Msimbati ni kijiji cha pwani chenye minazi na mchanga mgumu kiasi kwamba magari hupita ufukweni. Gesi ya Ghuba ya Mnazi, hapo jirani, iligunduliwa mwaka 1982, ikakaa ardhini zaidi ya miaka 20 kabla ya kuanza kuzalisha umeme. Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji walikuwa wameita watu chini ya mkorosho mkubwa. Wazee walipewa viti, vijana wakasimama nyuma, wanawake wakakaa pembeni kwenye mkeka.

Bosi alianza kwa kusema sisi ni nani, na maneno yake nayatumia hadi leo kila ninapokwenda mahali papya. "Sisi si serikali. Si chama cha siasa, wala si waandishi wa habari. Tunalipwa na kampuni inayofanya kazi ya gesi. Mtakayosema tutayapeleka kwa kampuni kama mlivyoyasema, bila kutaja jina la mtu. Hatuna uwezo wa kuahidi chochote, kwa hiyo hatutaahidi." Niliona vijana wawili watatu waliokuwa wamekunja mikono wakitazamana. Mshauri anayeficha anayemlipa anaweza kupata majibu matamu, lakini siku ukweli ukijulikana, kijiji kizima kinafunga milango, na aliyemtuma anafungiwa pamoja naye.

Kisha akauliza swali moja tu. Mnaionaje hii habari ya gesi?

Mzee wa kwanza aliyesimama alizungumzia reli. Wakati wa Mwingereza, baada ya vita ya Hitler, alisema, walikuja watu wa karanga. Ni kweli: mradi wa karanga ulianza mwaka 1947, ukachukua maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kwa ajili yake ikajengwa bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kwenda bara. Mradi ulivunjika mwaka 1951, karanga hazikuota kama walivyohesabu, na reli ikafungwa mwaka 1962, vyuma vikang'olewa. Mzee alikuwa kijana mdogo wakati huo. "Tuliambiwa tutapata reli, tukaipata. Kisha wakaja kuing'oa. Sasa mnatuambia tutapata bomba." Akakaa.

Wa pili alizungumzia vita ya ukombozi wa Msumbiji. Nachingwea palikuwa na kambi ya FRELIMO, na hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975 mpaka wa Ruvuma ulikuwa eneo la hatari. Tuliambiwa tuvumilie, alisema, hakuna atakayejenga kiwanda mahali pa mabomu. Tukavumilia. Wa tatu alisimama na korosho. Tangu mwaka 2007 walikuwa wakiuza kwa stakabadhi ghalani: ulipeleka korosho kwenye chama cha msingi, ukalipwa malipo ya kwanza, ukasubiri mnada ndipo upate yaliyobaki. Yaliyobaki yalipochelewa, mtoto alirudishwa nyumbani kutoka shule. "Korosho naiona kwa macho, nimeiokota kwa mkono wangu, na bado fedha yake siioni. Hiyo gesi isiyoonekana fedha yake nitaionaje?" Mvuvi mmoja alizungumzia hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000, nyavu alizokatazwa na maeneo asiyoruhusiwa kuingia. Vijana walitaka kujua kazi za bomba zitakuwa za aina gani, au ni kufyeka majani kwenye mkuza tu.

Nilikuwa naandika mbiombio. Kwenye hojaji niliyobeba kulikuwa na nafasi ya kuweka alama: anaunga mkono, anapinga, hana maoni. Hakuna hata mmoja aliyeingia kwenye visanduku vile. Aliyeulizwa gesi alijibu korosho, reli, barabara, nyavu. Na kadiri walivyozidi kujibu ndivyo nilivyozidi kuona kwamba walikuwa wanajibu swali kwa usahihi kabisa. Walikuwa wanatueleza jinsi wanavyopima ahadi yoyote inayotoka mbali.

Wanawake hawakusema kitu mkutanoni, zaidi ya mmoja aliyeuliza habari za zahanati. Bosi akanituma kwao. Asubuhi iliyofuata maji yalipokupwa nilikwenda nao ufukweni. Nilishika ndoo, nikamfuata bibi mmoja aliyekuwa na chuma chembamba mkononi, akitazama mashimo ya mawe kwa namna ambayo mimi sikuona chochote hata aliponionyesha kwa kidole. Alichomeka chuma, akavuta, pweza akatoka amejisokota kwenye mkono wake hadi kiwiko. Akambandua taratibu mkono mmoja mmoja, akampiga juu ya jiwe, akampiga tena, na huku akipiga ndipo alipozungumza nami.

"Jana wanaume wamezungumzia reli. Mimi reli sijaiona. Ninachotaka kujua ni hiki: hao wakija na meli zao na mabomba yao, sisi tutachokoa wapi?"

Sikuwa na jibu, nikamwambia sina. Akaniuliza kama nitakwenda kuuliza. Nikasema nitauliza. Mwenzake, aliyekuwa akiokota chaza karibu yetu, akaongeza lake: wajenzi watakuja na wanaume wengi wageni, na zahanati ni hii hii moja. Haya mawili, mahali pa kuchokoa pweza na zahanati, hayakuwa kwenye gazeti lolote nililokata Upanga, na wala hakuna redio iliyoyatangaza.

Kuna jambo moja la mjini niliseme kwa sababu linahusu heshima ya kazi yenyewe. Mtwara tulikutana na waandishi wa habari wa pale, na baada ya mazungumzo mmoja wao akauliza habari ya nauli. Kila aliyefanya kazi kwenye mawasiliano nchini mwetu anaijua bahasha ile. Mwandishi wa mkoani mara nyingi hana mshahara wa kueleweka, analipwa kwa habari iliyochapwa, na anajigharimia usafiri, kwa hiyo simlaumu kirahisi. Hata hivyo bosi alikataa. Alimweleza kwa adabu kwamba hatulipi mtu kwa ajili ya habari, kisha akakaa naye saa nzima akimpa takwimu, namba za watu wa kuwauliza na maelezo ya jinsi ushuru wa gesi unavyokokotolewa. Naamini kwa dhati kwamba mshauri anayenunua habari anamwibia mteja wake, maana habari iliyonunuliwa haiwezi kumwambia mteja watu wanafikiri nini.

Usiku, kwenye nyumba ya wageni Mikindani, tulitandaza karatasi juu ya kitanda. Chombo cha kazi yetu ni ramani ya wadau: unaorodhesha watu na taasisi, unapima uwezo wa kila mmoja kuathiri mradi na jinsi mradi huo unavyomgusa, kisha unaamua nani umfikie kwanza na kwa njia gani. Jedwali letu lilikuwa na safu hizo. Bosi akachora nyingine kwa rula, akaandika juu yake "kumbukumbu". Wazee, reli iliyong'olewa. Wakulima, malipo ya pili. Wavuvi, hifadhi. Wasafiri wote, Ndundu hadi Somanga. Watu wa Kilwa, gesi ya Songo Songo iliyogunduliwa mwaka 1974 na kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2004. Safu ile ilipojaa, mambo mengi yaliyoonekana ya ghafla hayakuwa ya ghafla tena. Ukiisoma kutoka juu hadi chini, "gesi haitoki" inaacha kuwa ukaidi wa watu wasioelimishwa. Inakuwa hitimisho la watu waliohesabu.

Andiko tulilolipeleka kwa mteja halikuwa na vipindi vya redio kwenye ukurasa wa kwanza. Lilikuwa na maswali ya wananchi kwa maneno yao wenyewe, la bibi wa pweza likiwa la tatu. Mkurugenzi mmoja alifunua kurasa kisha akauliza, "Ujumbe wetu uko wapi?" Bosi akamjibu kwamba ujumbe utapatikana baada ya kampuni kuamua mambo manne: kutangaza kijijini kiasi inacholipa halmashauri kama ushuru wa huduma, ambao wakati huo ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Kuonyesha ajira kwa aina ya kazi na kwa kijiji. Kukutana na wanawake wa ufukweni kabla ya kazi yoyote ya baharini. Na kuacha kabisa ahadi isiyo na tarehe. Bila maamuzi hayo, alisema, tunaweza kuwaandikia maneno mazuri sana, na hayatamfikisha mtu yeyote popote. Kikao kilikuwa kirefu. Walikubali mawili, la ushuru na la wanawake, mengine wakasema watayatafakari.

Tarehe 22 Mei 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa Dodoma na Waziri Sospeter Muhongo, Mtwara iliwaka moto. Watu walipoteza maisha, nyumba na ofisi zikachomwa, jeshi likapelekwa. Nilikuwa ofisini nikipokea simu za watu niliowafahamu kwa sura sasa, na niliumia kwa namna ambayo kukata magazeti kusingeniumiza. Andiko la kampuni moja ya ushauri lisingeweza kuzuia yale. Mambo yaliyokuwa kwenye safu ya kumbukumbu yalianzia zaidi ya miaka 60 nyuma, na wenye uwezo wa kuyajibu walikuwa wengi kuliko mteja wetu.

Bomba lilimalizika, likazinduliwa Oktoba 2015. Kipande cha Ndundu hadi Somanga nacho kikapata lami. Sisi tuliendelea na yale mawili yaliyokubaliwa. Karatasi ya kwanza ya ushuru wa huduma ilibandikwa kwenye ofisi ya kijiji, kiasi, tarehe ya malipo na jina la halmashauri iliyopokea, kwa herufi kubwa ili mtu asome bila kuinama. Mzee wa reli alikuja kuisoma. Akaisoma yote, kisha akaniuliza fedha hizo halmashauri imezifanyia nini. Nikamwambia swali hilo mteja wetu hawezi kulijibu, lakini tutalipeleka kwa anayeweza. Tukalipeleka kwa barua, nakala kwa mtendaji wa kijiji. Kwenye mkutano wa kijiji uliofuata mtu wa halmashauri alikuja na daftari la hesabu, na mzee alikuwa amekaa kiti cha mbele.